Wahadhiri wa muda wa biashara: Barua kwanza, darasa baadaye

MHADHIRI wa muda ni mtu anayekabidhiwa na chuo kikuu somo moja au mawili kwa muhula mmoja, akalipwa kwa saa alizofundisha, kisha mkataba ukaisha bila yeyote kumdai mwenziwe. Hivyo ndivyo inavyoelezwa ofisini. Katika hali halisi, wengi humaliza muhula wakiwa wadai, na wengine huingia darasani kabla hawajaona barua yoyote ya uteuzi.

Kwa wakazi wa Msambweni, Ukunda na Diani wenye shahada ya uzamili katika masuala ya biashara, kazi hii mara nyingi huanza kwa simu. Muhula umefunguliwa, darasa la uhasibu au la usimamizi wa rasilimali watu halina mwalimu, na mkuu wa idara anatafuta mtu wa kufundisha jioni au Jumamosi. Anayepigiwa huwa mhasibu wa hoteli, afisa wa ununuzi, meneja wa chama cha akiba na mikopo au mwalimu mstaafu. Yafuatayo ni maelezo ya jinsi ajira hiyo inavyostahili kufanywa, sheria inasema nini, na hesabu ambayo mtu anafaa kuifanya kabla ya kukubali.

Ilikoanzia

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilianza kuwategemea wahadhiri wa muda kwa wingi vilipofungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia karo. Makerere ilitangulia mwaka 1992. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1998 kwa mpango uliokuja kujulikana kama masomo sambamba. Madarasa ya jioni na ya wikendi yaliongezeka kuliko wahadhiri wa kudumu, na vyuo vya bara vikashuka Pwani kufungua kampasi Mombasa.

Biashara ndilo somo lililopanuka kwa haraka zaidi, na sababu yake ni rahisi kuonekana. Halihitaji maabara, halihitaji shamba la majaribio wala hospitali ya kufundishia. Chumba, ubao na mtu mwenye kujua kazi vinatosha. Isitoshe, masomo kama ujasiriamali, takwimu na misingi ya usimamizi hufundishwa hata kwa wanafunzi wa uhandisi na utalii, kwa hivyo idara ya biashara hubeba mzigo wa vitivo vingine pia.

Mambo yalibadilika baada ya mageuzi katika usimamizi wa mtihani wa kidato cha nne. Watahiniwa waliopata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo ya chini kabisa ya kujiunga na shahada, walikuwa 169,492 katika KCSE ya mwaka 2015. Mwaka uliofuata walishuka hadi 88,929, na mwaka 2017 wakawa 70,073. Serikali ikaweza kuwapa nafasi wote waliohitimu, na wa kujilipia karo kamili wakabaki wachache. Fedha zilizokuwa zikiwalipa wahadhiri wa muda zilitoka katika mfuko huohuo uliokauka. Wahadhiri wenyewe waliendelea kuitwa, kwa kuwa wanafunzi walikuwepo na masomo yalikuwa lazima yafundishwe.

Nani anafaa

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ndiyo iliyounda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na viwango vilivyotolewa na tume hiyo mwaka 2014 vinawahusu wahadhiri wote, wa kudumu na wa muda. Kanuni ya msingi ni kwamba anayefundisha awe na shahada iliyo ngazi moja juu ya ile anayoifundisha. Wa kufundisha shahada ya kwanza sharti awe na uzamili, na wa kufundisha uzamili awe na uzamifu. Cheti cha uhasibu cha kasneb, chombo cha mitihani kilichoanzishwa mwaka 1969, humpa mwombaji uzito mkubwa katika masomo ya fedha na ukaguzi wa hesabu, lakini hakichukui nafasi ya shahada.

Aliyesomea Dar es Salaam, Kampala au ng'ambo anahitaji hati ya kuonyesha kwamba shahada yake imetambuliwa rasmi nchini. Ni vyema hati hiyo itafutwe mapema, maana mwenye kuianza baada ya kupigiwa simu huenda muhula ukamwishia njiani.

Aliyeajiriwa kwingine aombe ruhusa ya mwajiri wake, na aiombe kwa maandishi. Wakubwa wengi wa hoteli hawana neno na mhasibu wao kufundisha Jumamosi, hadi siku ya ukaguzi wa hesabu inapogongana na siku ya mtihani.

Kwa utaratibu unaofaa, mkuu wa idara huhesabu masomo yasiyo na mwalimu kabla ya muhula kufunguliwa, nafasi zikatangazwa, maombi yakapitiwa na jopo, mkuu wa kitivo akaidhinisha, na ofisi ya wafanyakazi ikatoa barua. Mteuliwa huijibu kwa maandishi kwamba amekubali. Baadaye ndipo hupewa ratiba na muhtasari wa somo. Mtindo wa kumwambia mtu "anza tu, barua iko njiani" hautokani na utaratibu huu. Ni njia ya mkato ambayo humfaa mkuu wa idara siku ile na kumwacha mhadhiri bila ushahidi miezi 6 baadaye.

Uzito wa barua

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, inataka mkataba uandikwe iwapo kazi ni ya miezi 3 au zaidi, au iwapo ni kazi maalumu isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi 3. Muhula wa chuo kikuu, ukijumlisha wiki za kufundisha, mtihani na usahihishaji, huchukua takriban miezi 4. Jukumu la kuandaa mkataba huo ni la mwajiri. Kifungu cha 10 kinaongeza kwamba mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi mbele ya mahakama, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa na mfanyakazi.

Vyuo vina jibu lao: kwamba mhadhiri wa muda si mwajiriwa bali ni mtaalamu anayeuza huduma, na kwa hivyo sheria hiyo haimgusi. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwajiriwa ana kinga ya Sheria ya Ajira na madai yake husikilizwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwenye kuuza huduma hana kinga hiyo, ila anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikiwa anachodai hakizidi shilingi milioni 1. Barua isiyosema ni mkataba wa aina gani humwacha mhadhiri akibisha mlango usio wake.

Barua kamili hutaja jina la somo na darasa, idadi ya saa, kiwango cha malipo kwa saa, ikiwa kutunga na kusahihisha mtihani kunalipiwa kando, nauli ni ya nani, na malipo yatatolewa baada ya muda gani tangu alama kuwasilishwa. Jambo hili la mwisho ndilo husahaulika zaidi, na ndilo chanzo cha ugomvi mwingi. Barua isiyo na tarehe ya malipo ni ahadi ya siku yoyote.

Hesabu ya mtu wa Msambweni

Somo moja la shahada huwa na saa 3 kwa juma kwa majuma 14 au 15, yaani saa 42 hadi 45. Viwango hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, kwa hivyo na ichukuliwe kwa mfano tu kiwango cha shilingi 1,500 kwa saa. Saa 45 zinaleta shilingi 67,500, na kwa wengi kiasi hicho huonekana kizuri.

Msambweni iko takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa katika barabara ya kwenda Lungalunga. Anayefundisha kisiwani hupanda matatu hadi Likoni, akavuka kwa feri kwa miguu bila malipo, kisha akapanda gari jingine. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu zake za mwisho zilifunguliwa mwaka 2024, imewapunguzia wenye magari adha ya kivuko, lakini abiria wa matatu wa kwenda mjini bado njia yake ni Likoni. Nauli ya kwenda na kurudi ikiwa shilingi 800, safari 15 ni shilingi 12,000.

Chuo kikimhesabu kuwa mtaalamu wa nje, hukata kodi ya asilimia 5 kabla ya kumlipa, yaani shilingi 3,375. Hiyo pia si kodi ya mwisho, kwa kuwa mapato hayo huingizwa katika taarifa yake ya kila mwaka kwa mamlaka ya ushuru. Kikimhesabu kuwa mwajiriwa, makato huwa ya kodi ya mishahara, na kwa mwenye mshahara mwingine yanaweza kufika asilimia 30. Kwa njia ya kwanza anabakiwa na shilingi 52,125.

Ongeza sasa saa za kuandaa mafunzo, ambazo kwa anayefundisha somo mara ya kwanza si pungufu ya zile za darasani. Ongeza karatasi za mtihani 120, kila moja ikichukua robo saa. Jumla ya kazi ni saa 120, na malipo halisi ni kama shilingi 434 kwa saa, ikiwa yatalipwa kwa wakati. Anayepata madarasa mawili siku moja hugawanya nauli, na anayefundisha kwa njia ya intaneti, mtindo ulioenea tangu janga la korona mwaka 2020, huiepuka kabisa. Ni vyema kuomba mojawapo kabla ya kutia sahihi.

Kalenda nayo ina mtego wake. Muhula wa Septemba hufika kwenye mitihani Desemba, wakati hoteli za Diani zimejaa wageni na mhasibu au meneja hapewi hata siku moja. Muhula unaoanza Mei huanza katika msimu wa mvua, hoteli zikiwa na nafasi, na kwa watu wa sekta hiyo ndio unaofaa zaidi.

Faida kwa darasa

Ingekuwa kosa kumchukulia mhadhiri wa muda kama kiraka. Katika biashara, mara nyingi yeye ndiye mwenye habari ambazo hazimo vitabuni. Pwani ya kusini ina visa vya kufundishia ambavyo darasa la Nairobi lingevionea wivu. Gazi na Makongeni zina mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 katika hekta 117, ambao huuza katika soko la kimataifa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yake yamegharimia maji na shule za vijiji. Kibuyuni kuna wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wanaotegemea wanunuzi wa mbali na bei wasiyoipanga wao. Ramisi kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988, kikaacha mashamba na maswali ya umiliki. Mgodi wa Base Titanium ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na ukasimamisha uchimbaji Desemba 2024, na afisa wa rasilimali watu aliyewahi kusimamia kufungwa kwa kazi kubwa namna hiyo ana mengi ya kueleza kuhusu kupunguza wafanyakazi kisheria.

Taasisi za karibu zipo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichokuwa Mombasa Polytechnic tangu 1972, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007 na kupata hati kamili mwaka 2013, kilifungua kampasi Kwale na Lamu. Matuga ina kampasi ya Chuo cha Serikali cha Kenya, ambacho huwafunza uongozi na usimamizi watumishi wa umma.

Alama zinapozuiliwa

Mhadhiri asiyelipwa ana silaha moja, nayo ni alama za mtihani. Wengi wameitumia. Matokeo yake ni mwanafunzi anayefika mwaka wa nne akaambiwa somo la mwaka wa pili halina alama, jina lake likakosekana katika orodha ya mahafali, na kazi aliyoahidiwa ikaenda kwa mwingine. Mtoto wa mvuvi wa Gazi aliyesomeshwa kwa msaada wa karo wa kaunti hakuwa na sauti katika mkataba ule, na ndiye anayelipa.

Silaha hiyo humkata hata anayeishika. Madai mengi ya wahadhiri wa muda hukubaliwa tu baada ya alama kuwasilishwa, kwa hivyo anayezizuilia huwa hajamaliza kazi aliyokubali na humpa mwajiri sababu ya kutolipa. Njia iliyo salama ni kuwasilisha alama, kuchukua nakala yenye muhuri na tarehe, kisha kudai.

Madai huandamana na nakala ya barua ya uteuzi, daftari la mahudhurio lililotiwa sahihi na kiongozi wa darasa kila kipindi, ratiba, na ushahidi kwamba alama zilipokelewa. Madai ya ajira yana ukomo wa miaka 3. Ukipita, mahakama haiyasikilizi hata yakiwa ya haki. Kwa vyuo vya umma, mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Fomu ya muhula wa Januari ikipelekwa kabla ya tarehe hiyo huweza kulipwa katika bajeti ya mwaka huohuo, na ikichelewa huingia katika orodha ya madeni ya mwaka unaofuata.