Niliosha Mzee wa Mbao na Sabuni

Wasee, hii makosa ni yangu mwenyewe, kwa hivyo msinicheke sana. Dani yangu hapa Manyatta ana sanamu ya mzee mweusi wa mbao, amekaa, mikono kwa magoti, macho chini. Aliinunua miaka ya 80 kwa Mkamba aliyekuwa akitembeza vinyago mjini Kisumu. Krismasi iliyopita nikasema wacha nimfurahishe dani. Nikamtumbukiza mzee kwa beseni la maji moto na sabuni. Maji yakageuka meusi tititi. Kumbe ule weusi wote ulikuwa rangi ya viatu! Nikamuanika juani, na kufika jioni kichwa kilikuwa kimepasuka mpaka shingoni.

Dani aliniangalia tu. "Nyakwara, huyo si sufuria."

Tangu hiyo siku nimekuwa nikifuatilia hii maneno ya vinyago. Rika letu tunaviona kama vitu vya watalii, ati si utamaduni kamili. Mimi nakataa, na sababu yangu ni vita.

Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipigana na Wajerumani huko ambako baadaye kuliitwa Tanganyika. Barabara hakuna, punda na ng'ombe wanakufa kwa mbung'o, basi mizigo ikabebwa na watu. Hao wabebaji ndio walioacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Nyanza ilitoa vijana wengi sana. Mwaka 1917 aliyepewa kazi ya kusimamia wabebaji alikuwa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wetu, makao yake hapa Kisumu. Wengi hawakurudi, na waliouawa na magonjwa ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Kati ya waliorudi kutoka hiyo vita kulikuwa na Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu. Kule kusini aliona watu wakichonga sanamu. Wakamba walikuwa tayari wanachonga viti na vijiko, lakini sanamu za kuuza ndizo alizoanza nazo nyumbani, wengine wakajifunza kwake. Kazi ikasambaa mpaka Nairobi na Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilianzishwa 1963. Sasa fikiria: mtu amelazimishwa kwenda kubeba mizigo ya mzungu, na bado anapata nafasi ya kutazama mikono ya mwenzake. Huo si utamaduni?

Turudi kwa mbao. Mpingo wa kweli una moyo mweusi na ni mzito mpaka unazama majini. Mzee wa dani alielea, nilipaswa kushtuka hapo hapo. Mpingo na muhugu zilikatwa sana, ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa watumie mwarobaini, jakaranda na mwembe.

Na kilichopasua kichwa si maji pekee. Mbao hunywa unyevu na kuvimba. Ukiikausha ghafla, nje inasinyaa kabla ya ndani, basi lazima ipasuke. Kwa hivyo futa vumbi na kitambaa kikavu, kwenye mikunjo tumia brashi laini. Weka mbali na dirisha na jiko. Mafuta ni kidogo tu, mara moja moja. Ukiona unga laini chini ya sanamu, kuna wadudu ndani. Makumbusho mengi hufunga kitu kama hicho kwa plastiki na kukigandisha kwa friza wiki moja au mbili. Huko Japani, hekalu la Horyuji lina sanamu za mbao za Kibudha za karne ya 7, bado zimesimama. Sisi hata miaka 40 imetushinda. Sawa, imenishinda mimi.

Fundi mmoja aliniambia nisijaze ule ufa na gundi, kwa sababu mbao bado inacheza. Mzee amerudi juu ya kabati, sasa ni wa kahawia. Dani anasema hivyo ndivyo anafanana na babu.