Neno la Wiki: Kusubu

Mti huchongwa, udongo hufinyangwa, madini husubiwa. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu hadi yagande na kuchukua umbo. Tukisema sanamu ya shaba "imechongwa", tunamnyima fundi sifa ya kazi aliyoifanya.

Huko Swamimalai, katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, sanamu za miungu ya Kihindu husubiwa hadi leo. Fundi huanza na nta, akiunda kila kidole na kila pambo, kisha huifunika kwa udongo laini wa mto Kaveri. Kalibu ikichomwa, nta huyeyuka na kutoka; nafasi yake hujazwa mchanganyiko wa shaba nyekundu, shaba ya manjano na risasi. Mwishowe kalibu huvunjwa, hivyo kila sanamu ni ya pekee.

Ndivyo anavyozaliwa Shiva Nataraja mwenye mikono minne: mmoja una ngoma ya uumbaji, wa pili moto wa maangamizi, wa tatu unaondoa hofu, wa nne unaelekeza kwenye mguu ulioinuliwa, ishara ya ukombozi. Mguu mwingine unamkanyaga Apasmara, kibeti wa ujinga.

Patasi huja baadaye, kutia nakshi tu. Basi tuseme sanamu hii imesubiwa.