Olkaria: Mvuke Uliosubiriwa Robo Karne

Mafundi walioanza kuchimba Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, mwaka 1956 hawakuhitaji kuambiwa kwamba chini kuna joto. Mvuke ulikuwa ukifuka mchana kutwa kwenye nyufa za miamba. Walichimba visima viwili, na hadi kufikia 1959 vyote vilikuwa havijatoa mvuke wa kutosha kuendesha mtambo. Kazi ikasimama.

Hawakuwa wakibahatisha. Kule Larderello, Italia, Piero Ginori Conti alikuwa amewasha balbu kwa mvuke wa ardhini tangu 1904. Mwaka 1952 mtambo mdogo wa Kiabukwa, Katanga, nchini Kongo, ulianza kuupatia mgodi umeme wa jotoardhi, kwa hiyo Afrika si mgeni wa teknolojia hii hata kidogo. Na wakazi wa Eburru, ng'ambo ya pili ya ziwa, walikuwa na ujuzi wao: katika eneo lile lisilo na mito, waliuelekeza mvuke kwenye mabomba, ukapoa, matone yakachuruzika hadi kwenye vyombo, wakapata maji ya kunywa.

Uchimbaji ulirejea miaka ya 1970, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ukaanza kuzalisha megawati 15, na kufikia 1985 zilikuwa 45.

Halafu kasi ikapotea. Kenya iliutegemea mno umeme wa maji, hasa mabwawa ya Mto Tana, mpaka ukame wa 1999 na 2000 ulipoleta mgao mkali na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli. Hapo ndipo thamani ya mvuke ilipoonekana, kwani haungoji mvua. Olkaria II ilifunguliwa 2003.

Kikwazo kikubwa kilikuwa fedha. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na hakuna ajuaye kitatoa nini mpaka keekee ifike chini, pengine kilomita 3. Wawekezaji binafsi waliogopa hasara hiyo. Mwaka 2008 serikali ikaunda kampuni ya GDC ili ibebe hatari ya kuchimba, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika historia hii. Mitambo mikubwa ikafuata, 2014 na 2019. Leo jotoardhi huzalisha takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya.

Lakini nishati safi nayo huhitaji ardhi, na ardhi ya Olkaria ilikuwa na wenyewe. Mwaka 2014 Wamaasai wa vijiji vinne walihamishwa kupisha Olkaria IV. Baadhi yao wakapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa miongoni mwa wafadhili. Mwaka uliofuata wakaketi na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, mbele ya wapatanishi, wakidai barabara inayopitika na hati ya ardhi mpya waliyopewa.