Reli na Mizigo

Kadiri umri unavyosonga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba serikali nzuri ni ile inayojua mahali pa kuishia. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulijifunza hayo kwa gharama. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Saidi Mwamwindi alimwua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, katika ugomvi wa shamba, wakati ujamaa ukisukumwa vijijini. Mwamwindi alinyongwa. Mauaji hayana utetezi. Lakini ardhi ya mtu haiguswi kwa amri bila kugusa moyo wake.

Katika teknolojia amri haikumwaga damu, ila ilituchelewesha. Mtambo wa hesabu uliowekwa Wizara ya Fedha ulileta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kosa la ofisi moja likawa katazo la taifa zima. Sisi wa vyuo vya ualimu tukaendelea kuwaandaa vijana kwa dunia wasiyoruhusiwa kuigusa.

Sanaa hunipa taabu zaidi. Tancut, kiwanda cha umma cha kuchonga almasi pale Iringa, kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra. Katika miaka ya 1980 ilivuma nchi nzima, wakiwamo pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa kutoka Zaire. Siwezi kukana utamu wa muziki ule, wala kwamba vyombo vilitoka kwa umma. Hata hivyo, mashirika yalipoyumba, bendi zake nyingi zilinyamaza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, serikali isifanye lolote? La. Hakuna mfanyabiashara wa Mbeya ambaye angeijenga TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China ili shaba ya Zambia isipitie kwa makaburu. Lakini ni wananchi, bila kungoja waraka, waliojaza mabehewa ya abiria mchele wa Kilombero na ndizi za Mbeya, wakaifanya reli ya shaba kuwa soko.

Basi serikali na itandike reli. Mizigo tutaichagua wenyewe.