Shamiri

Shamiri ni mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa sekondari nchini Kenya wanaosumbuliwa na sonona au wasiwasi uliokithiri. Mwanzilishi wake, Tom Osborn, ni mzaliwa wa Awendo, mji wa miwa katika kaunti ya Migori, na alianza kujulikana kwa GreenChar, kampuni yake ya makaa yasiyotoa moshi. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliubuni mpango huu pamoja na Katherine Venturo-Conerly na wenzao.

Vijana 8 hadi 15 hukaa pamoja saa moja kila wiki, kwa wiki nne. Anayewaongoza si daktari. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi na kupewa mafunzo ya saa chache. Huzungumza juu ya mambo matatu: kwamba mtu hubadilika na kukua, kwamba kuna ya kushukuru, na kwamba kila mmoja ana maadili anayoyaenzi. Ugonjwa si mada, na huo ndio werevu wa mpango wenyewe. Katika shule ya bweni, anayeitwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha hudhaniwa kuwa ama amevunja sheria ama ameanza kuchanganyikiwa. Anayekwenda kujifunza kukua hana wa kumcheka.

Jaribio la kwanza la mpango huu, lililofanyika Kibera, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2020, lilikuwa na vijana 51. La pili, lililotolewa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, lilihusu wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu. Nusu yao walipitia Shamiri, na nusu nyingine walifundishwa mbinu za kusoma. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini kundi la Shamiri lilipata zaidi, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya miezi saba.

Haja ya wasaidizi wasio madaktari haikuanza leo. Mathari, hospitali kuu ya akili nchini, ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, na hadi sasa wataalamu wengi wa afya ya akili wako mijini. Jopokazi la serikali lililoongozwa na daktari wa akili Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Kuanzia Awendo hadi fuo za kaunti jirani ya Homa Bay, mzigo wa kijana una sura yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima 19.6% wa Homa Bay wakiishi na virusi vya UKIMWI, ilhali kiwango cha nchi kilikuwa 4.9%. Hivyo wapo waliolelewa na nyanya baada ya kufiwa na wazazi, na wapo wanaoficha dawa zao sandukuni bwenini. Ufuoni kuna jaboya: mwanamke hulala na mvuvi ili auziwe samaki. Masaibu yakizidi, baadhi ya wazee husema ni chira, adhabu ya mwiko uliovunjwa, na ukoo hukutana. Wahudumu wa afya hulalamika kwamba hilo huchelewesha matibabu, na ni kweli. Ila kikao hicho walau humwondolea mgonjwa upweke.

Sheria nayo ilikuwa ikiwafunga watu midomo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025.

Mpango unaoanzia darasani haumfikii kijana anayeanika omena au kuendesha bodaboda. Njia iliyopo ya kumfikia ni wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa rasmi mwaka 2023, ambao huenda nyumba hadi nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari.