Vitanzi vya Buti

Waingereza wakitaka mtu aongeze bidii humwambia avute soksi zake. Akiacha mwenendo mbaya na kuanza maisha mapya, husema amegeuza jani. Si jani la mti, bali karatasi ya kitabu, ambayo kwao huitwa kwa neno hilo hilo. Na mtu akipanda kutoka ufukara bila msaada wa yeyote, husemwa kwamba amejiinua kwa vitanzi vya buti zake mwenyewe.

Sisi misemo hii ilitufikia kwa njia ya shule. Katika ripoti zangu za muhula ule wa soksi uliandikwa mara kwa mara, nami, kama wenzangu wengi, nilikuwa nakwenda shule miguu mitupu. Tuliucheka njiani tukirudi nyumbani. Hata hivyo tuliuelewa barabara: ukishindwa, kosa ni lako, ukitaka kuinuka, jiinue.

Hebu, ndugu msomaji, tuutazame huo wa buti. Buti ndefu za zamani zilikuwa na vitanzi sehemu ya juu, vya kushika wakati wa kuzivaa. Mtu aliyekwisha kuzivaa na kusimama, akivivuta vitanzi hivyo hata jasho limtoke, hatapanda hata inchi moja, kwa sababu mvutaji ni yeye na mzigo ni yeye. Msemo wenyewe ulianza kama mzaha. Mwaka 1834 gazeti moja la Marekani lilimdhihaki mtu aliyedai amevumbua mashine ya kujiendesha milele. Likasema labda sasa ataweza kujivusha mto Cumberland kwa vitanzi vya buti zake. Kwa miaka mingi baadaye watu waliutumia kueleza jambo lisilowezekana. Ni katika karne ya 20 ndipo mzaha uliposahauliwa, msemo ukawa sifa ya tajiri, kisha ukawa wosia kwa maskini.

Fikra ya kujiinua mwenyewe ilikuwa imekwisha kupata kitabu chake mashuhuri. Samuel Smiles, Mskoti aliyesomea udaktari na baadaye akawa mhariri wa gazeti mjini Leeds, alitoa kitabu kiitwacho Self-Help, yaani kujisaidia, mwaka 1859. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 20,000. Wengi hukitaja kama msahafu wa kila mtu na lwake.

Lakini chanzo cha kitabu hicho chasema mengine. Mwaka 1845 Smiles aliombwa azungumze na vijana wa hali ya chini kabisa. Wachache wao walikuwa wameanza kukutana jioni za baridi ili wafundishane, aliyejua kidogo akimpa asiyejua. Chumba kikajaa. Majira ya joto wakasomea bustanini. Baridi iliporudi, wakakodi ukumbi mchafu uliowahi kutumiwa kuwauguza wagonjwa wa kipindupindu, maana hakuna mwingine aliyeutaka. Wakafikia kama mia moja. Hao ndio waliokizaa kitabu cha kujisaidia: watu waliosaidiana. Smiles mwenyewe, katika dibaji ya chapa ya 1866, alilalamika kwamba jina la kitabu limewapotosha watu wakadhani anasifu ubinafsi.

Sisemi bidii ni bure. Wahenga walitwambia ajizi ni nyumba ya njaa, na Kiswahili nacho kina msemo wake: kujifunga kibwebwe. Kibwebwe hujifunga mwenyewe, hufungiwi na jirani. Ila tazama ni wapi kinamama hukifunga: penye harusi, penye msiba, penye masufuria makubwa ya wali ambayo mtu mmoja hawezi kuyaepua. Kila mmoja hukaza kiuno chake, na mzigo hunyanyuliwa na wengi.

Kwa hiyo anayemhimiza mtoto au maskini ajikaze hakosei, mradi yuko tayari kushika upande wa pili wa mzigo. Akisimama mbali na kuamuru, amerudi kwenye mzaha wa 1834 bila kujua kwamba ni mzaha. Vijana wa Leeds walijibidiisha kweli kweli. Lakini kila aliyepanda ngazi moja alikuwa na mwenzake wa kumpa mkono.