Siti ya Pikipiki kwa Mama na Mtoto: Angalia Nini Kabla ya Kupanda

Kwa familia nyingi za Chita, Mngeta na vijiji vya jirani, pikipiki ndiyo gari la nyumbani. Ndiyo inayokupeleka kliniki, ndiyo inayomwahisha mtoto mwenye homa zahanati, na wakati wa kilimo ndiyo inayokufikisha kwenye dungu la mpunga. Watu wakinunua pikipiki baada ya mavuno huangalia injini na tairi. Siti ya nyuma haikaguliwi, wakati mama ndiye anayeikalia.

Kwa nini siti ni suala la afya

Wakati wa ujauzito, homoni hulegeza viungo vya nyonga ili kuuandaa mwili kwa kujifungua. Tumbo likikua, uzito huvuta mbele na kiuno hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mtikisiko wa muda mrefu juu ya siti ngumu huongeza maumivu ya kiuno na nyonga. Mama aliyeshonwa njia wakati wa kujifungua naye huumia kila pikipiki inaporuka shimo.

Liko jambo zito zaidi. Mama anayeogopa safari huahirisha kliniki. Presha na upungufu wa damu vinaweza kuwepo bila wewe kuhisi chochote, na hugunduliwa kwa vipimo tu. Safari iliyoahirishwa inaweza kuwa ndiyo ile ambayo tatizo lingeonekana mapema.

Mambo sita ya kukagua

1. Sponji. Bonyeza siti kwa goti au kiganja. Ukigusa plastiki au bati la chini, sponji imekwisha. Iliyo laini sana nayo haifai, maana hudidimia hadi chini ukishakaa. Chagua inayobonyea kidogo na kurudi.

2. Upana na urefu. Makalio yote mawili yakae juu ya siti, si juu ya keria. Baki na nafasi ili tumbo lisimbane dereva.

3. Kava. Kava linaloteleza hukusukuma mbele kila breki inapokamatwa. Lililochanika hunyonya maji, na wakati wa kifuku utakalia sponji mbichi safari nzima. Mshono mnene wa katikati hukwaruza.

4. Vikanyagio. Viwepo viwili, vyenye mpira. Miguu ikifika vizuri, unaweza kujiinua kidogo kwenye shimo, na mapaja yakapokea mshtuko badala ya mgongo.

5. Mahali pa kushika. Chuma cha pembeni au cha nyuma kiwe imara, kisicheze.

6. Shokapu. Kaa, kisha mwombe dereva aikandamize pikipiki. Ikigonga chini, hata siti nzuri haitakusaidia.

Kama siti imechoka, si lazima ununue mpya. Fundi wa makochi anaweza kubadilisha sponji na kushona kava. Mwambie asiinue siti kupita kiasi, kwani miguu isipofika kwenye vikanyagio utapoteza mhimili. Usikalie mto usiofungwa, huteleza.

Namna ya kukaa

Kaa ukiwa umetanua miguu, si kwa upande. Kukaa upande hupinda kiuno na ni rahisi kudondoka. Vaa suruali au taiti ndani, kisha funga ncha za khanga vizuri zisiingie kwenye tairi au mnyororo. Vaa helmeti na uifunge. Kataa mishkaki.

Pikipiki nyingi zina ekzosi upande wa kulia, hivyo panda na kushuka kushoto. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Safari ikiwa ndefu, simamisheni pikipiki kila baada ya nusu saa, ushuke na utembee kidogo. Mwambie dereva mapema: "Kaka, nina ujauzito, twende taratibu." Si aibu.

Ukiwa na mtoto mchanga

Shingo yake haijakaza, na hakuna siti ya pikipiki inayomfaa. Tafuta kwanza gari, basi au bajaji. Kama hakuna kabisa, mfunge kifuani akiwa wima, uso wake uuone, pua iwe wazi na kichwa kishikiliwe. Ukimfunga mgongoni hutaona akikosa hewa. Asikae mbele juu ya tenki.

Wakati siti nzuri haitoshi

Usisubiri bodaboda ikiwa unatoka damu ukeni, chupa imepasuka, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, umepata degedege, au mtoto hachezi tumboni. Piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ukianguka na pikipiki ukiwa mjamzito, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama huna jeraha, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kuachia bila dalili za nje.

Mimba ikikaribia kutimia na kwenu ni mbali, muulize muuguzi kuhusu kuhamia karibu na kituo mapema, hasa kipindi cha mvua. Kwenye hudhurio lako lijalo, mweleze pia unasafiri kwa nini na kiuno kinaumaje. Maelezo hayo yanamsaidia kukupangia huduma.